Ile santuri ya Duke Ellington ya Newport, ni laivu au ya studio?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha. Baba yake ana santuri ya Duke Ellington, yule mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani, ile "Ellington at Newport" ya mwaka 1956, kaitunza tangu ujana wake na kila akiipiga anawaambia wanae hii ilirekodiwa laivu mbele za watu, sikilizeni makelele hayo. Sasa huyu dada kapata toleo jipya la sidii mbili akakuta nyimbo zilezile zinasikika tofauti kabisa, na kwenye maelezo imeandikwa nyingine zilipigwa studio. Anauliza, mzee alidanganywa? Ipi ndo ya kweli? Na kwanini kwenye santuri ya mzee saksafoni inasikika kama mtu anapigia chumba cha pili?

Dada, kwanza mzee mfikishie shikamoo yangu, mtu aliyetunza santuri miaka yote hiyo anastahili. Halafu kabla hujamwendea na habari za kudanganywa naomba usome mpaka mwisho, manake hili jambo lina pande zake na mzee ana haki kubwa kuliko unavyofikiria.

Jibu fupi ni hili: santuri ya mzee ni mchanganyiko. Kama asilimia 40 tu ndo ilipigwa jukwaani pale Newport, iliyobaki ilipigwa studio siku mbili baadae halafu wakabandika makofi na kelele za watu ili isikike kama yote ni laivu. Lakini ile ngoma ndefu ya mwisho, ile ya dakika 14 na ushee ambayo naamini ndo inayomfanya mzee apige magoti yake kwa viganja, ile ni laivu. Kwa hiyo kile anachokipenda zaidi hakudanganywa.

Sasa nikupe stori yenyewe.

Mwaka 1956 Ellington alikuwa na miaka 57 na mambo yake hayakuwa mazuri. Enzi za bendi kubwa zilikuwa zimepita, bendi nyingi zilishavunjika sababu kulipa watu 15 mishahara na nauli sio mchezo, na yeye mwenyewe mwaka uliotangulia, kipindi cha joto, alikuwa anapigia muziki maonyesho ya kwenye maji kule New York. Mtu mkubwa vile. Hakutaka kuivunja bendi, alikuwa anaibeba kwa hela za tungo zake. Kitu kizuri kimoja kilikuwa kimetokea, Johnny Hodges, mpiga saksafoni alto wake aliyeondoka 1951, alisharudi 1955. Na alikuwa ameingia mkataba mpya na kampuni ya Columbia, prodyuza wake George Avakian, wakakubaliana waende na mitambo Newport wakarekodi.

Newport ni mji wa pwani kule Rhode Island, Marekani. Tamasha la jazz lilianzishwa pale 1954 na George Wein, na mwaka ule lilifanyika kwenye uwanja unaitwa Freebody Park, uwanja wa wazi. Jumamosi ya tarehe 7 Julai bendi ya Ellington ilipanda mapema jioni wakapiga nyimbo chache tu wakashuka, na hata hapo wapigaji kadhaa walikuwa hawajafika. Wakakaa wanasubiri wengine wapige, saa zikaenda, mpaka inakaribia saa sita usiku ndo wakapanda tena na watu wengine walishaanza kusogea kwenda nyumbani.

Wakapiga kwanza kazi mpya, mtungo wenye sehemu tatu ambao Ellington na mtunzi mwenzie Billy Strayhorn waliuandika maalum kwa ajili ya tamasha lile. Ulipokelewa vizuri, kwa heshima. Halafu baadae kidogo Ellington akatangaza kitu cha zamani, "Diminuendo and Crescendo in Blue", kazi ya 1937 ambayo asili yake ni vipande viwili, kimoja kinashuka na kingine kinapanda, enzi hizo vilikaa pande mbili za santuri ya zamani ya spidi 78. Katikati ya hivyo vipande viwili akamwambia Paul Gonsalves, mpiga saksafoni tenor, ajaze. Ajaze kwa muda gani? Atakavyo yeye.

Wewe ni mtu wa Morogoro na mzee bila shaka kacheza dansi, kwa hiyo hili nakueleza kwa lugha ya nyumbani. Unajua wimbo wa dansi unavyoanza, beti zinaimbwa, watu wamekaa na soda zao, halafu linaingia chemko, gitaa linashika kitu kimoja na kukizungusha, drams zinakaza, na hapo hakuna anayebaki kitini. Lile ndo lilikuwa chemko. Gonsalves alipiga mizunguko 27 ya bluzi, kila mmoja baa 12 (baa ni kipimo cha mapigo manne), hizo ni baa 324 bila kupumzika, zaidi ya dakika sita mtu mmoja anapuliza na nyuma yake kuna besi ya Jimmy Woode, drams za Sam Woodyard na piano ya Ellington inayogusa mara mojamoja. Hapigi noti za kuonyesha ufundi, hapandi juu kupiga yowe, anatembea tu, anatembea, kila mzunguko anaongeza kakitu kadogo. Kwenye mzunguko wa saba au wa nane hivi unaanza kusikia watu. Mwanzo ni minong'ono, mtu mmoja kapiga mluzi. Mwanamke mmoja mwenye nywele za dhahabu na gauni jeusi akatoka kwenye kiti chake cha mbele akaanza kucheza peke yake, wenzie wakamfuata, huku pembeni ya jukwaa chini Jo Jones, yule mpiga drams maarufu aliyekuwa kwenye bendi ya Count Basie, kakunja gazeti anapiga nalo mapigo kwenye ukingo wa jukwaa kuwasukuma wenzie. Ellington mwenyewe sauti yake inasikika inampigia kelele Paul aendelee kuchimba. Mzuka ukapanda kiasi kwamba George Wein akaogopa kutatokea fujo akataka onyesho liishe, Ellington akakataa, akajua cha kufanya, akamweka mbele Johnny Hodges na nyimbo za taratibu mpaka watu wakapoa.

Tarehe 20 Agosti mwaka huohuo picha ya Ellington ikatoka jalada la mbele la jarida la Time. Usiku ule ulimrudisha kabisa, na mpaka mwisho wa maisha yake alikuwa anasema yeye kazaliwa Newport 1956. Santuri yenyewe ikawa ndo iliyouza kuliko zote alizowahi kutoa.

Sasa tuje kwenye mitambo, hapa ndo kazi yangu.

Jukwaani kulikuwa na maiki za watu wawili tofauti. Columbia walikuwa na za kwao kwa ajili ya santuri. Sauti ya Amerika, VOA, nao walikuwa na za kwao sababu walikuwa wanarekodi kwa ajili ya kurushia nje ya Marekani, na aliyekuwa anaushika upande wa redio ni Willis Conover, yule mtangazaji wa vipindi vya jazz masafa mafupi. Muulize mzee kama alimsikia, watu wengi wa umri wake walikuwa wanalala na redio ya mbao imeegeshwa stesheni hiyo, sauti nzito, anaongea pole pole ili hata asiyejua Kiingereza vizuri amuelewe. Sasa Gonsalves alipoitwa mbele akaenda moja kwa moja kwenye maiki ya VOA. Maiki ya Columbia ipo pale pale pembeni yake, lakini kengele ya saksafoni, yaani ule mdomo mpana sauti inapotokea, imeelekea kwingine. Hakuna mtu wa kumlaumu, mwanamuziki akiwa na moto haangalii kebo ya maiki inaelekea kwa nani.

Matokeo yake kwenye tepu ya Columbia bendi nzima ipo vizuri, besi ipo, drams zipo, kelele za watu zipo, ila yule mtu ambaye kelele zote ni kwa sababu yake anasikika kwa mbali, sauti yake imeingia kwa kudokoa kwenye maiki za wenzie. Hiyo ndo "chumba cha pili" uliyoisema. Umesikia sawasawa dada, una masikio mazuri.

Hili najua linavyouma manake lishanikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa narekodi bendi moja ya dansi ukumbini, jina naliacha, nina maiki zangu nne kwenye mashine yangu na ukumbi una maiki zao kwenye spika zao. Mpuliza saksafoni maiki yake niliiweka mimi mwenyewe, nikaipima, safi. Wimbo wa tatu kutoka mwisho chemko likakolea, jamaa akatoka kwenye kona yake akasogea mpaka mbele kwenye maiki ya mwimbaji, ambayo ni ya ukumbi, mimi sina waya nayo. Nimevaa hedfoni naona sindano ya chaneli yake imelala, nainua macho namuona yuko mita tatu mbele anatoa jasho, ukumbi mzima umesimama, na mimi sina kitu. Wiki iliyofuata tukamwita studio arudie. Akarudia mara tatu, akapiga safi kuliko siku ile, kila noti mahali pake, na ilikuwa imekufa. Mwisho tukaacha ile ya ukumbini inayosikika kupitia maiki ya drams, hafifu vile vile. Kwa hiyo nikisikiliza santuri ya mzee najua kabisa Avakian alikaa vipi kwenye kile kiti.

Na yeye alifanya hivyohivyo, ile ya Gonsalves aliiacha ilivyotoka jukwaani. Kilichorudiwa ni vingine. Ule mtungo mpya wa sehemu tatu ulikuwa haujafanyiwa mazoezi ya kutosha, Ellington akaona haufai kutoka kwenye santuri vile ulivyopigwa, akataka urudiwe. Jumatatu tarehe 9 Julai bendi ikaingia studio New York. Upande wa kwanza wa santuri ya mzee, ndo huo mtungo, sehemu kubwa ni kazi ya ile Jumatatu. Na "Jeep's Blues" ya Hodges iliyo upande wa pili nayo ni ya studio. Halafu wakachukua makofi na miluzi wakailaza juu yake.

Msimamo wangu mimi ni huu. Kurudia studio sio kosa, tena nikisikiliza matoleo yote mawili ya ule mtungo ya studio imepigwa vizuri zaidi, matarumbeta yanaingia pamoja, kila mtu anajua anaenda wapi. Mtunzi ana haki ya kutaka kazi yake mpya isikike sawasawa mara ya kwanza inapotoka. Kosa ni makofi. Wangeandika tu nyuma ya jalada kwamba upande huu ni studio na upande huu ni jukwaani, santuri ingekuwa na thamani ileile na mzee wako angekuwa anajua anachosikiliza. Wale watu waliopiga makofi Newport walipiga kwa ajili ya kitu fulani walichokisikia muda ule, kuyachukua makofi yao ukayaweka kwa kitu ambacho hawakukisikia sio haki kwao wala kwa msikilizaji. Nalisema hili kwa uzito sababu mpaka leo nakutana na vijana wananiletea kazi ya studio wanaomba niwawekee "krauzi", yaani kelele za watu, na huwa nakataa.

Ila pia usidhani ni Ellington peke yake. Ilikuwa mtindo wa wakati ule na makampuni hayakuona shida. Onyesho la Massey Hall kule Toronto mwaka 1953, lile la Charlie Parker wa saksafoni na Dizzy Gillespie wa tarumbeta, besi ilisikika hafifu, kwa hiyo Charles Mingus aliyekuwa mpiga besi akaenda studio akapiga upya besi yake juu ya tepu kabla haijatoka. Na Ellington huyuhuyu aliporudi Newport 1958 santuri iliyotoka nayo ilijaa kazi za studio zenye makofi ya kubandika.

Hili toleo lako la sidii mbili lilikujaje? Mwaka 1996 iligundulika tepu ya VOA ya usiku ule, ilikuwa imekaa Maktaba ya Bunge la Marekani. Fikiria, Gonsalves yuko mbele kabisa, safi, kwenye tepu iliyorekodiwa kwa ajili ya wasikilizaji wa nje, watu kama mzee wako na redio yake, na kule kwenyewe Marekani watu walikuwa wanamsikia kwa mbali miaka 40. Mwanahistoria wa jazz Phil Schaap akasimamia kazi ya kuziunganisha tepu mbili, ya VOA na ya Columbia, na toleo likatoka 1999, mwaka ambao Ellington angetimiza miaka 100.

Kuziunganisha sio kama kubonyeza vitufe viwili pamoja. Mashine mbili za tepu hazizunguki spidi moja hata siku moja, tofauti ikiwa ni moja kwa elfu tu, kwenye wimbo wa dakika 14 mwishoni unakuta zimeachana karibu sekunde nzima, wakati sikio la binadamu linaanza kusikia mwangwi zikiachana hata sehemu ya ishirini ya sekunde. Na hiyo tofauti haikai sawa, mashine inachoka, inakaza, inalegea. Kwa hiyo inabidi ukae na kompyuta usogeze kipande kwa kipande, ukivuta huku ukiminya kule, wimbo mzima, onyesho zima. Lakini wakishazilaza sawa, tepu moja ikawekwa sikio la kushoto na nyingine la kulia, ikatokea stereo. Stereo ya kweli, ya onyesho la 1956 ambalo hakuna aliyelirekodi kwa stereo, imetokea tu kwa sababu watu wawili tofauti waliweka maiki zao sehemu mbili tofauti za jukwaa moja. Mimi kila nikiwaza hilo nafurahi kama mtoto.

Ukitaka kuzitambua mwenyewe kwa masikio chukua hedfoni. Kwenye kazi za kubandika, kelele za watu zinakaa juu ya muziki kama mafuta juu ya maji, bendi ikifanya kitu kizuri watu hawashtuki, na watu wakishangilia bendi haijali. Kwenye ya kweli vinavutana. Gonsalves akibadilisha kitu kidogo watu wanaitikia ndani ya mapigo mawili, na wakiitikia Woodyard anakaza zaidi. Sikiliza pia sauti inavyokufa bendi ikinyamaza ghafla: uwanja wa wazi hauna ukuta, sauti inaenda zake na kinachobaki ni watu, studio ina mkia wa chumba, yaani mwangwi mdogo wa kuta.

Kwa hiyo ipi ya kweli? Sidii zako ndo zina onyesho zima lilivyokuwa, hadi matangazo na kelele za katikati, na uzuri wake ni kwamba zile kazi za studio nazo wameziweka mwishoni zikiwa zimetajwa kuwa ni za studio. Ila santuri ya mzee msiitupe wala msiiuze, hiyo ndo dunia nzima iliisikia mwaka ule na ndo iliyomrudisha Ellington, na ule mtungo wa studio kama nilivyosema umepigwa vizuri. (Na jalada likiwa bado zima msilibandike selotepu, naomba sana.)

Umeuliza pia kwa nini mzee anaiita jazz wakati haifanani na Morogoro Jazz. Hapo hana kosa hata kidogo. Jina lilikuja na santuri za nje, bendi zetu zikalichukua, likawa kwetu linamaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na mapuliza, Mbaraka Mwinshehe alipiga kwenye bendi yenye jina hilo na hakuna anayemuuliza swali. Tena Ellington mwenyewe alikuja pande hizi karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka 1973 alipiga Ethiopia na Zambia, sisi akaturuka tu.

Namna ya kumwambia mzee mimi ningefanya hivi. Usianze na habari ya makofi. Mkae jioni kukiwa kimya, mpigie kwanza santuri yake, upande wa pili, mpaka Gonsalves amalize. Halafu uweke sidii, wimbo uleule, spika mbili zikiwa zimeachana kama mita mbili na kiti chake katikati. Piano itaanza, bendi itashuka, piano tena kidogo, halafu Paul ataingia, safari hii yuko mbele yake hapo sebuleni. Usiseme neno, muache afike mzunguko wa saba.